Nahodha Aliyenidai Maji

Kambare wa kwanza niliyemvua maishani alitoka kwenye mfereji wa mpunga, kwa ndoana niliyoikunja kutoka pini ya nywele ya dada yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi, aliyeteremka kutoka Kirua alipoolewa, alimtazama yule samaki, akanitazama mimi, akaniambia nimpeleke kwa jirani. Wazee wa Kichaga wa rika lake hawakula samaki. Kwake kambare alikuwa ndugu wa nyoka, na sufuria yake haikuwahi kumpokea hadi siku ya kufa kwake.

Nayasema haya ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyepanda boti ya kuvulia bahari kuu. Mabogini iko chini ya mji wa Moshi, kwenye barabara ya TPC, pale mteremko wa mlima unapochoka na ardhi kuwa tambarare. Tunalima mpunga. Skimu yetu ya Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Wajapani, ikakamilika mwaka 1987, na inakunywa kutoka mito ya Njoro na Rau. Maji tunagawana kwa zamu. Zamu yako ikifika saa nane usiku, unakwenda saa nane usiku, na koleo begani, maana jirani yako naye hajalala. Kwa hiyo mimi maji niliyajua kama kitu cha kufungua na kufunga. Yanaingia jarubani ninapotaka, yanatoka nikiyaambia yatoke.

Shemeji yangu ndiye aliyelianzisha jambo hili. Amemwoa dada yangu, yuleyule wa pini, nao wanaishi Pangani, ambako yeye ni fundi wa injini za boti. Alipiga simu mwishoni mwa Januari. "Shemeji, kuna boti ya wageni ina nafasi mwezi wa pili. Njooni wanne mgawane gharama. Njooni kabla kaskazi haijaisha." Nikamuuliza kaskazini mwa wapi. Akacheka mpaka akakata simu.

Tukapatikana watatu: mimi, mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia kutoka Chekereni, na fundi wetu wa matrekta madogo ya kulimia. Shemeji akawa wa nne. Siku moja ya boti ilinigharimu gunia tatu za mpunga. Mke wangu hakusema neno kwa siku mbili, na mwenye ndoa anajua hiyo ni hotuba ya urefu gani.

Safari ya basi sitaieleza sana. Same, Mombo, Korogwe, Muheza, kisha barabara ya vumbi katikati ya minazi na mikonge hadi Pangani. Ila mwalimu alikaa dirishani, na kila tulipokaribia mto alinigusa bega. Yeye ndiye aliyenikumbusha kitu nilichofundishwa darasa la tano nikakisahau: kwamba Kikuletwa na Ruvu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kwamba kinachotoka bwawani ndicho mto Pangani. Tulipovuka daraja la Korogwe alisimama kabisa ndani ya basi. "Haya ni maji yenu ya majarubani," akasema kwa sauti, na abiria wote wakanigeukia kana kwamba nimeyaiba.

Pangani ni mji mdogo uliokaa kwenye mdomo wa mto. Ng'ambo ni Bweni, na kivuko kilikuwa kikipiga kwenda na kurudi siku nzima kikibeba pikipiki, mbuzi na wanafunzi. Tulifika alasiri. Mto ulikuwa mpana kuliko nilivyofikiri, wenye rangi ya chai ya maziwa, na nikajisikia fahari ya kijinga. Nikamwambia mwalimu kwamba hata udongo ule ni wa kwetu. Hakuniachia hata hilo. Udongo wa Kilimanjaro, alisema, hutua Nyumba ya Mungu. Huu unaouona umeshuka kutoka Upare na Usambara, kwa mito ya Mkomazi na Luengera inayojiunga huku chini. Chetu hapa ni maji tu, tena yale yaliyobaki.

Nahodha tulimkuta barazani kwake akishona nguo ya mjukuu. Mzee mwembamba, kofia ya kiua, macho yaliyofifia kwa jua. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba mara tatu, moja kwa kila mtu, kisha akauliza kwetu ni wapi.

"Moshi, mzee. Mabogini."

"Mabogini ya mpunga?"

"Hiyohiyo."

Akaweka sindano chini. "Kumbe ninyi ndio mnaotunywea mto."

Nilidhani ni utani wa kuwakaribisha wageni. Haukuwa utani. Alituchukua hadi ukingoni akatuonyesha upande wa juu wa mto, akaeleza kwamba zamani maji ya chumvi yalipanda kidogo tu bahari ikijaa, kisha mto ukayasukuma nje. Sasa mto umepungua nguvu. Chumvi inapanda mbali, visima vinaharibika, na minazi iliyosimama tangu enzi za baba yake inakauka kuanzia kichwani. Bahari inakula kingo pia. Mwalimu, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kitu cha kunisaidia, akaongeza kwamba si mpunga peke yake: kuna mashamba ya miwa, kuna miji inayokua, kuna mabwawa ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, na mvua zenyewe si zile. Nahodha akasikiliza yote kwa adabu. Halafu akanigeukia tena. "Lakini mpunga upo?"

"Upo, mzee."

"Basi." Akaturudisha barazani kunywa kahawa.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Sikuelewa kwa nini watu waliolipa pesa zao waamshwe na giza, hadi shemeji aliponieleza habari ya mlango wa mto. Pale mto unapokutana na bahari pana fungu la mchanga. Maji yakipwa, mawimbi huvunjika juu yake na chombo kinaweza kugonga. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu au mchanga maji huwa ya bamvua: hujaa sana, hupwa sana. Katika pwani hii bamvua hujaa kwenye saa kumi na kitu, alfajiri na alasiri. Kwa hiyo tunatoka na maji ya alfajiri na kurudi na maji ya alasiri, na katikati hapo, hata mtu akiugua, hakuna mlango. Hiyo nayo ni zamu. Tofauti yake na ya Mabogini ni kwamba hakuna mwenyekiti wa kumlalamikia.

Boti ilikuwa ya faiba, yenye injini mbili nyuma na kiti kimoja kikubwa cha chuma katikati ya sitaha, kimefungwa mikanda kama kiti cha kinyozi. Fimbo za kuvulia zilikuwa nne, nene kama mpini wa jembe, kila moja na gurudumu la kuzungushia mshipi lenye ukubwa wa sufuria ndogo. Pembeni zilisimama nguzo mbili ndefu nyembamba, ambazo baadaye zililazwa nje kama mbawa ili mishipi isisongamane. Wafanyakazi walikuwa wawili: Nahodha kwenye usukani na baharia kijana aliyeshughulikia mishipi.

Tulivuka fungu la mchanga salama. Mwezi ulikuwa nyuma yetu juu ya nchi kavu, na mbele anga lilikuwa linaanza kupauka. Mahali fulani nje ya mdomo, maji ya chai yalikatika. Kulikuwa na mstari, kabisa, kama pindo la kitambaa: upande huu kahawia, upande ule kijani. Boti ikavuka. Nilitazama nyuma nikaona ukingo wa shamba langu ukiishia baharini.

Kisha kaskazi ikaanza kupuliza na mimi nikaanza kuugua.

Sitajitetea. Kilimo hakimfundishi mtu kusimama juu ya kitu kinachopanda na kushuka bila mpangilio. Baharia alinipa kipande cha tangawizi nitafune akaniambia nitazame upeo, nisitazame ndani ya boti. Fundi wa matrekta, mtu mwenye kifua kama mlango, alilala kifudifudi tangu saa kumi na mbili na hakuinuka hadi saa tatu. Mwalimu ndiye aliyenishangaza. Alitapika kwa nidhamu, ubavuni, akapangusa mdomo na kuendelea na somo pale alipoachia. Somo la asubuhi hiyo lilikuwa silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria mpaka mmoja alipoopolewa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa kwenye nyavu za maji ya kina, wengi wao upande wa Kigombe, kaskazini tu ya hapo tulipokuwa. Ndipo mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga. Akasema hayo yote, akageuka, akatapika tena.

"Na kisiwa cha Maziwe kiko wapi?" nikamuuliza Nahodha, maana nilikiona kwenye ramani ya mwalimu.

"Umekipita."

Nilitazama. Palikuwa na rangi ya samawati iliyopauka na mawimbi machache yakivunjika bila sababu. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuja kutaga pale kwa wingi. Miti ikaenda, mchanga ukahama, na kufikia miaka ya 1980 kilikuwa kimebaki fungu linalofunikwa bamvua linapojaa. Nahodha alisema aliwahi kulala chini ya mivinje ile akiwa kijana, akingojea upepo. Kasa bado wanapanda pale kutaga, na watu wa Ushongo huyahamisha mayai hadi ufuoni kwao kabla maji hayajayafunika. Kuvua ndani ya hifadhi ile ni marufuku, kwa hiyo boti ilizunguka mbali.

Ng'ambo ya Maziwe, bahari inashuka. Huwezi kuona mteremko, ila rangi inakuambia: kijani, kisha samawati, kisha ule weusi wa samawati ambao sikuwahi kuuona popote isipokuwa kwenye wino. Hapo ndipo unapoanzia Mkondo wa Pemba, ambao katikati yake kina kinapita mita 700. Nilifanya hesabu ya kitoto. Kutoka uwanja wa mpira wa Mabogini hadi usawa wa bahari ni mteremko wa mita 700 na kitu. Kumbe ukiishusha Mabogini hadi pwani, bado kuna mteremko mwingine wa kiasi hichohicho, na huo umejaa maji.

Baharia akaachia mishipi. Namna hii ya kuvua, chombo kikitembea na mishipi ikifuata nyuma, wavuvi wa pwani huiita kurambaza, na walikuwa wakiifanya kwa tanga kabla ya mtu yeyote kuwauzia injini. Chambo chetu kilikuwa ngisi wa plastiki wa rangi za harusi, pinki na zambarau, wakirukaruka kwenye povu. Boti ilikwenda mwendo wa baiskeli. Nahodha hakuwa akitazama maji, alikuwa akitazama angani, akitafuta membe. Ndege wakizunguka na kujitupa majini, chini yao kuna vibua, na chini ya vibua kuna wanaokula vibua.

Tulirambaza kwa saa mbili bila kitu. Niliwaza gunia zangu tatu. Nikamkumbuka pia Ernest Hemingway, ambaye kila mwongoza watalii wa Moshi anamtaja kwa hadithi yake ya mwaka 1936 kuhusu theluji ya Kilimanjaro. Wachache wanajua kwamba mwanzoni mwa mwaka 1954, baada ya kuanguka na ndege mara mbili ndani ya siku mbili huko Uganda, mtu yuleyule alikwenda kujiunga na kambi ya uvuvi Shimoni, ng'ambo kidogo ya mpaka, kwenye ukingo wa mkondo huuhuu. Alifika akiwa majeruhi, na huko akaungua kwenye moto wa porini. Ukiwa na kichefuchefu, habari ya mtu aliyepata shida kuliko wewe ni dawa nzuri kuliko tangawizi.

Wa kwanza alikuwa sehewa, mnene kama chupa, aliyevutwa na shemeji bila shangwe. Wa pili alikuwa nguru wa kilo tisa, mwenye michirizi ubavuni na meno ya msumeno. Huyu alichukuliwa na fundi, aliyefufuka ghafla aliposikia gurudumu likilia. Nahodha akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nguru ni pesa, na nguru ni mchuzi.

Kisha zamu yangu.

Sikuona alivyouma. Nilisikia tu gurudumu likipiga yowe refu, mshipi ukikimbia kana kwamba umefungwa kwenye lori. Nikasukumwa kwenye kile kiti, fimbo ikawekwa mapajani, mkanda ukafungwa. Halafu, umbali wa mita mia nyuma yetu, samaki akatoka majini. Alitoka mzima, mwenye mdomo kama mkuki, na mgongoni akafungua tanga. Silitumii neno tanga kwa pambo. Pezi lile lilifunguka kama tanga la ngalawa, la samawati yenye madoa, likatikisika, likaingia tena majini.

"Sulisuli!" baharia akapaza sauti.

Nilifanya makosa yote. Nilivuta wakati wa kuachia, nikaachia wakati wa kuvuta. Baharia alisimama nyuma yangu akirudia maneno mawili tu: "Inua. Zungusha. Inua. Zungusha." Nahodha aliigeuza boti taratibu ili samaki abaki nyuma, na hapo nikaelewa kwamba nusu ya kazi hii hufanywa na mtu asiyeshika fimbo. Mikono ilitetemeka, jasho likaniingia machoni, na sulisuli akaruka mara saba au nane. Dakika ishirini na tano, alisema mwalimu, aliyekuwa na saa. Mimi ningeapa ni saa nzima.

Alipofika ubavuni, rangi zake zilikuwa zikipita mwilini kama umeme. Baharia alivaa glavu, akaushika mdomo ule wa mkuki, akachomoa ndoana kwa koleo. Niliinuka nikiwa tayari kusaidia kumpandisha. Lakini hawakumpandisha. Walimshikilia majini, boti ikitembea polepole ili maji yapite kwenye matamvua yake, hadi mkia ulipopiga kwa nguvu. Kijana akafungua mkono, na gunia zangu tatu zikaenda zao.

Fundi alikasirika kuliko mimi. "Mzee, huyu si chini ya kilo thelathini! Mji mzima ungekula!"

Nahodha hakugeuza kichwa. "Kwenye boti hii sulisuli na nduaro wanarudi. Sulisuli akirudi, kesho mgeni mwingine atanilipa kumtafuta. Nguru nikimrudisha, mke wangu atanipikia nini?"

Nimelifikiria sana jibu lile. Nilitegemea mahubiri kuhusu mazingira, na mwalimu alikuwa ameshajiandaa kuyatoa. Wenzetu wa Kenya, Watamu na Shimoni, kwa miaka mingi wamekuwa wakiwatia samaki hawa alama yenye namba kabla ya kuwaachia, na wengine wamevuliwa tena mbali sana na pwani hii. Ni kazi ya maana. Lakini hoja ya Nahodha ilikuwa ya mkulima: hii ni mbegu, hii ni chakula, usizichanganye. Mimi hoja hiyo naielewa bila kufafanuliwa. Bado, nakiri, niliutazama mkono wangu mtupu kwa muda mrefu.

Tulikula mchana kweupe, boti ikiyumba, wali wa nazi aliotufungia dada na vipande vya sehewa vilivyokaangwa kwenye jiko dogo la gesi. Tumbo lilikuwa limetulia. Hapo ndipo nilipomuuliza Nahodha kuhusu kaskazi, ili nijue shemeji alichonicheka.

Akaeleza akitumia chumvi iliyomwagika juu ya ubao. Kaskazi ni pepo na ni majira: kuanzia Desemba hadi Machi, ikitoka upande wa Arabuni na Hindi, ile iliyoleta majahazi ya zamani na tende zake. Bahari ina mawimbi mafupi lakini inafanyika. Huu ndio wakati wa nduaro na sulisuli katika mkondo. Kisha masika, mvua, na upepo unageuka. Kusi inaingia, na mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini unaongezeka kasi. Kuanzia Mei hadi Julai boti za namna hii hazitoki. Manahodha wake huziburuta juu, huzipaka rangi na kugombana na wake zao. Agosti kusi inaanza kulegea, jodari wanaonekana. Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijashika, kuna wiki ambazo bahari inalala kama mafuta. Wazee wake walihesabu yote hayo kwa miongo, kumi kumi, kuanzia siku ya mwaka, Nairuzi, ile ambayo Makunduchi wanaisherehekea kwa Mwaka Kogwa. Baba yake alijua mwongo wa ngapi usitweke tanga. Yeye anajua baadhi. Kijana yule baharia ana simu.

"Na ninyi mpunga mnauhesabuje?" akauliza.

Nikamwambia: siku tangu kitalu, siku tangu kupandikiza, na zamu ya maji. Akatikisa kichwa akiridhika, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni wake naye ana dini.

Tulirudi na maji ya alasiri. Kwenye mstari ule wa kahawia na kijani, Nahodha alipunguza mwendo akachota maji kwa mkono upande wa mto, akaonja, akatema. Hakusema kitu. Nilijua ananisemea mimi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nilirudi. Julai ya mwaka uleule nilikwenda kumwona dada, nikaikuta kusi yenyewe. Boti ilikuwa juu ya magogo, tumbo likiwa limekwanguliwa, Nahodha yuko chini yake na brashi. Mawimbi kwenye mlango wa mto yalikuwa yakisimama wima. Hakuna aliyenishawishi kwenda popote. Tulikaa ufuoni Ushongo siku moja tukitazama mbali, na mara mbili tuliona pumzi ya nyangumi, wale wanaopanda kutoka bahari ya barafu kuja kuzaa katika maji ya joto kati ya Julai na Oktoba. Ngalawa chache zilitoka, zikabaki ndani ya miamba. Kwa samaki, safari ile ilikuwa hasara. Kwa kujifunza, naiweka sawa na ya kwanza, maana ndiyo iliyonionyesha kwamba ile Februari hatukuwa na bahati. Tulikuwa na tarehe.

Novemba nikarudi mara ya tatu, mimi na fundi, baada ya mavuno. Bahari ilikuwa tambarare kama jaruba lililosawazishwa. Membe walikuwa wengi, na chini yao maji yalichemka. Jodari haruki. Anashuka. Anavuta kwenda chini moja kwa moja, na wewe unamwinua kama ndoo ya kisima kirefu ambacho ndoo yake inakataa kupanda. Tulipata wawili wa kilo kumi na kitu. Baharia aliwakata mara moja nyuma ya mapezi ya kifuani damu itoke, akawazika kwenye barafu. Jodari, tofauti na samaki wengi, mwili wake huwa na joto kuliko maji anamoishi, na akipigana joto hilo huongezeka. Usipomtoa damu na kumpoza upesi, nyama inaungua kutoka ndani na ladha inakuwa ya chuma. Fundi alisikiliza kwa makini kisha akasema ni sawasawa na injini. Ni mara yake ya pekee kuisifu bahari.

Jodari mmoja tulimfikisha Mabogini usiku, kwenye ndoo ya barafu iliyobadilishwa Korogwe na Same. Majirani walikuja na vibakuli. Mke wangu alipika nusu kwa nazi, nusu kwa ndizi, akala, akauliza Novemba ijayo ni lini.

Nahodha naye alinipa ujumbe siku tulipoagana, na kwa kuwa aliniagiza niufikishe, naufikisha. Wenzangu wa Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria: ukimaliza zamu, funga geti. Usiliache wazi usiku kucha maji yakapotelea barabarani. Yuko mzee Pangani anayaonja.

Na wewe unayetaka kwenda, nenda Februari ukitaka kuona sulisuli akifungua tanga, na ukubali kutapika. Ukitaka kitoweo, nenda Novemba. Kati ya Mei na Julai usisumbuke kupiga simu. Boti iko juu ya magogo, na Nahodha hapokei.